Kibofu na Uhai wa Waliovunjika Uti wa Mgongo: Historia ya West Nile Ikitazamwa kutoka Ombaci

Ombaci, mahali palipo kilomita chache kutoka mji wa Arua katika mkoa wa West Nile nchini Uganda, pameingia katika historia kwa sababu ya siku moja, tarehe 24 Juni 1981, ambapo askari wa UNLA, jeshi la serikali ya wakati huo, walivamia misheni ya Kikatoliki walikokuwa wamekimbilia maelfu ya raia, wakaua karibu watu mia moja na kujeruhi wengine wengi. Waliouawa hukumbukwa kwa ibada. Waliojeruhiwa wameandikwa kidogo zaidi, na katika majeraha yote ya risasi, lile linalofika kwenye uti wa mgongo ndilo lililofichika kuliko yote, kwa kuwa nusu yake tu ndiyo huonekana: majirani humwona mtu aliyepooza miguu, lakini kinachoamua kama ataishi mwaka mmoja au miaka 40 ni jambo wasiloliona na ambalo jamaa zake huona haya kulitaja, yaani jinsi kibofu chake kinavyotoa mkojo.

Ili historia hiyo ieleweke, yafaa kwanza kueleza kazi ya kibofu chenyewe. Ndani ya pingili za mgongo hupita kamba ya neva iitwayo ugwe mgongo, ambayo hupeleka habari za mwili kwenye ubongo na kurudisha amri za ubongo kwenye viungo, na ncha yake ya chini ndiyo inayoongoza kibofu. Kibofu cha mtu mzima hubeba mkojo wa takribani mililita 400 hadi 500. Wakati kinapojaa, ukuta wake, ambao ni msuli, hulegea huku msuli wa mlangoni ukibana, na wakati wa kukojoa ukuta hukaza na mlango ukafunguka. Ugwe ukikatwa au ukipondwa, mapatano hayo huvunjika. Katika majuma ya mwanzo kibofu huzimia kabisa, kikajaa hata mkojo ukafurika na kudondoka wenyewe, hali inayoweza kumfanya mhudumu asiye na uzoefu adhani kwamba mgonjwa anakojoa. Baadaye, ikiwa jeraha liko shingoni au kifuani, kibofu huzinduka bila kusikiliza amri yoyote, kikakaza ghafla wakati mlango nao umebana, hivyo mkojo husukumwa kwa shinikizo kubwa na mara nyingine hurudi juu hadi kwenye figo na kuziharibu polepole bila maumivu. Jeraha likiwa chini, kibofu hubaki kimelegea daima, na mkojo usiotoka wote huwa makao ya vijidudu na chanzo cha mawe. Kwa mtu aliyeumia juu ya pingili ya sita ya kifua kuna hatari nyingine ya ghafla: kibofu kilichojaa kupita kiasi huweza kupandisha shinikizo la damu kwa dakika chache tu, pamoja na maumivu makali ya kichwa na jasho usoni, na asipoondolewa mkojo huo mara moja anaweza kupasuka mshipa wa damu ubongoni.

Hali hii ilijulikana zamani sana katika bonde la mto uleule unaopita West Nile. Mafunjo ya Misri yanayoitwa kwa jina la Edwin Smith, aliyeyanunua Luxor mwaka 1862, na ambayo yalinakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo kutoka maandishi ya kale zaidi, yanaeleza mtu aliyeteguka pingili ya shingo, asiyehisi mikono wala miguu yake na ambaye mkojo humdondoka bila yeye kujua, na mwandishi wake anauweka ugonjwa huo katika fungu la maradhi ambayo tabibu hayatibu. Hukumu hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka 3,000. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia askari wengi mno waliovunjika mgongo walikufa ndani ya majuma au miezi michache, na wauaji wakuu walikuwa wawili, vidonda vya mgandamizo na maambukizi ya njia ya mkojo. Waganga wa kijeshi wa Ulaya, pamoja na elimu yao yote, walikuwa wakimlaza majeruhi wa aina hii pembeni wakingoja afe.

Mabadiliko yalikuja na vita vya pili, na mwaka 1944 ndio unaostahili kutajwa. Tarehe 1 Februari mwaka huo, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, Ludwig Guttmann, daktari wa neva wa Kiyahudi aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi mwaka 1939, alifungua kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo, akakataa katakata wazo kwamba watu hao ni maiti zinazosubiri kuzikwa. Wagonjwa waligeuzwa kitandani kila baada ya saa chache, mchana na usiku, ili wasipate vidonda, na kwa kibofu alishika utaratibu wa kuingiza mpira wa mkojo, kutoa mkojo wote, na kuuondoa mpira huo mpaka zamu inayofuata, badala ya kuuacha ndani siku zote. Kazi hiyo ilifanywa na madaktari wenyewe kwa glavu na vifaa vilivyotakaswa, kama upasuaji. Mwaka 1966 Guttmann na mwenzake Hans Frankel walichapisha matokeo ya wagonjwa 476 waliotunzwa hivyo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wameondoka hospitalini mkojo wao ukiwa hauna vijidudu, jambo ambalo kizazi kilichotangulia kisingelisadiki.

Katika mwaka huohuo wa 1944, vijana wa West Nile, mkoa ambao serikali ya kikoloni iliutegemea sana kwa kuandikisha askari, walikuwa Burma. Kikosi cha nne cha King's African Rifles, kikosi cha Uganda, kilipigana katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoshuka bonde la Kabaw wakati wa masika na kupoteza watu kwa risasi, mizinga na malaria. Nairobi ilipata makao ya kuwatunza askari walioumia uti wa mgongo, na hayo ndiyo yaliyozaa hospitali ya taifa ya Kenya ya majeruhi hao. Arua haikupata kitu cha namna hiyo. Haki inadai jambo hili lisemwe wazi: elimu iliyookoa majeruhi wa Uingereza ilitokana na vita ambavyo watu wa Arua na Koboko walivipigana pia, lakini njia ya elimu hiyo kuwafikia ilikuwa ndefu kuliko njia ya wao kuifikia Burma.

Si kwamba mkoa huo haukuwa na tiba. Mbali na hospitali ya serikali mjini Arua, kulikuwa na hospitali za misheni ya Kikatoliki huko Maracha, Nyapea na Angal, na kusini mwa Arua ilikuwapo Kuluva ya Africa Inland Mission, ambako ndugu wawili, madaktari Ted na Peter Williams, waliandika kumbukumbu za wagonjwa wao kwa uangalifu mkubwa, hata Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago mjini Kampala aliyechunguza saratani ya taya ya watoto, alipofunga safari yake ndefu ya mwaka 1961 kupita nchi nyingi za Afrika, alisafiri na Ted Williams. Katika hospitali kama hizi kifaa kilichofahamika kwa mgonjwa asiyekojoa kilikuwa ni mpira wa kukaa ndani, wenye puto dogo nchani linalojazwa maji ili usitoke, ambao asili yake ni kazi ya Mmarekani Frederic Foley katika miaka ya 1930. Kwa mgonjwa wa upasuaji anayeuhitaji kwa siku tatu ni kifaa chema. Kwa mtu atakayeishi na mpira huo maisha yake yote ni sharti ubadilishwe kila baada ya majuma machache, la sivyo chumvi za mkojo huuganda, jawe hujijenga kuzunguka puto, mkondo hupata kovu au tundu la pembeni, na vijidudu huweka kambi ya kudumu kibofuni.

Ndipo ukaja mwaka 1972. Huko Ann Arbor, katika jimbo la Michigan, daktari wa njia ya mkojo Jack Lapides na wenzake walitangaza kwamba mgonjwa anaweza kujitolea mkojo mwenyewe, nyumbani kwake, kwa mpira ulio safi tu bila kutakaswa kama vifaa vya chumba cha upasuaji, na kwamba akifanya hivyo mara nyingi za kutosha hatadhurika. Hoja yake ilikuwa ya kina zaidi ya ilivyoonekana: vijidudu vichache vinavyoingia na mpira havidhuru sana ukuta wa kibofu wenye afya, kwa maana ukuta huo hujilinda kwa damu inayopita ndani yake, bali kibofu kinapovimba kupita kiasi damu hiyo hubanwa, ulinzi hudhoofika, na maambukizi hushika. Kwa hiyo kinachookoa ni kutochelewa. Wataalamu wengi walimpinga mwanzoni, lakini utaratibu wake umekuwa msingi wa tiba hii duniani kote, nao ulikuwa kana kwamba umetungwa kwa ajili ya mahali kama Ombaci: unahitaji mpira mwembamba ulionyooka, wa namna ileile iliyopewa jina la Auguste Nélaton, mpasuaji Mfaransa wa karne ya 19, pamoja na maji, sabuni na mtu aliyefundishwa.

Bahati mbaya ya kihistoria ni kwamba mwaka huo ndio Uganda ilipoanza kupoteza wale ambao wangeufundisha. Mulago ilikuwa imepata sifa katika mambo ya ulemavu kupitia Ronald Huckstep, mpasuaji wa mifupa aliyejenga huduma ya waliopooza kwa polio na kubuni vyuma vya miguu na viti vilivyotengenezwa kwa vifaa vilivyopatikana nchini, na Agosti 1972 Uganda ilipeleka wanamichezo wake kwa mara ya kwanza katika michezo ya walemavu huko Heidelberg, michezo iliyotokana na mashindano aliyoyaanzisha Guttmann kwa wagonjwa wake mwaka 1948. Mwezi huohuo Idi Amin, ambaye ukoo wake ulikuwa wa Koboko, aliamuru Waasia wafukuzwe. Madaktari na walimu wa tiba wa kigeni waliondoka mmoja baada ya mwingine, Huckstep naye akahamia Australia, na katika miaka iliyofuata wauguzi waliofunzwa vizuri walijikuta wakifanya kazi bila glavu, bila dawa, na mara nyingi bila mshahara wa kutosha kununulia chakula.

Kilichofuata katika West Nile kinahitaji kuelezwa pamoja na kibofu, maana mambo hayo mawili hayatenganiki. Baada ya Amin kupinduliwa Aprili 1979, askari wake wa zamani walivuka kutoka Zaire na Sudan mnamo Oktoba 1980 na kushambulia Koboko na Arua. Jeshi la serikali liliporudi lililipiza kisasi kwa raia, na sehemu kubwa ya watu wa mkoa ikakimbilia ng'ambo za mipaka yote miwili. Mauaji ya Ombaci yalitokea katikati ya mtawanyiko huo. Mtu aliyepigwa risasi mgongoni siku kama ile alikuwa na mahitaji yasiyopatana na kukimbia: abebwe bila kupindwa, ageuzwe kila baada ya saa mbili, atolewe mkojo kila baada ya saa nne hadi sita. Familia iliyobeba watoto na vyungu hadi upande wa Aru nchini Zaire au njia ya Yei nchini Sudan isingeweza kutimiza hayo hata kama ingefundishwa, na mpira wa kukaa ndani uliowekwa kwa haraka ungeweza kubaki miezi bila kubadilishwa kwa kuwa hakukuwa na wa kuubadilisha. Hesabu ya waliokufa kwa njia hiyo haiingii katika idadi ya waliouawa siku ya shambulio, ingawa risasi ndiyo iliyowaua. Mwanahistoria anayeandika juu ya vita vya Uganda anapaswa kuwatafutia nafasi.

Wakimbizi walianza kurudi kwa wingi katikati ya miaka ya 1980, lakini vita havikuisha: vikundi vya waasi vya WNBF na UNRF II viliendelea kupigana katika miaka ya 1990, mabomu ya ardhini yakawekwa katika njia na mashamba, na mapatano ya amani yalitiwa sahihi mjini Yumbe mwezi Desemba 2002 tu. Tangu hapo sababu za kuvunjika mgongo zimebadilika kuliko zilivyopungua. Pikipiki za bodaboda zimeenea kila mahali. Watu huanguka kutoka juu ya miembe, ambayo ni fahari ya nchi hiyo, na uchunguzi uliofanywa mkoani Kilimanjaro nchini Tanzania ulionyesha pia kwamba kuanguka huko vijijini huumiza uti wa mgongo wa watu wengi kuliko ajali za barabarani. Kifua kikuu kinachokula pingili huweza kumpooza mtu bila pigo lolote. Na kando ya mto, kuanzia Pakwach hadi Rhino Camp na Obongi, kichocho cha matumbo kimezagaa, na mara chache mayai ya mnyoo wake husafiri kupitia mishipa ya damu hadi kwenye ugwe mgongo, ambako huleta uvimbe unaodhoofisha miguu na kuziba mkojo kwa siku chache tu. Mgonjwa huyu akitambuliwa mapema na kupewa dawa anaweza kupona, hivyo kijana wa mtoni anayeshindwa kukojoa na kusimama hapaswi kurudishwa nyumbani kwa kudhaniwa amerogwa. Kuanzia Desemba 2013, na zaidi sana Julai 2016, vita vya Sudan Kusini vimeleta mamia ya maelfu ya wakimbizi katika Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi, wengine wao wakiwa na majeraha yaleyale ambayo wenyeji wao waliyapata kizazi kimoja nyuma walipokimbilia upande wa pili.

Utaratibu wa Lapides, unapofundishwa vizuri, si mgumu. Mikono huoshwa kwa sabuni, mpira hulainishwa na kuingizwa taratibu mpaka mkojo utiririke, takribani sentimita nne kwa mwanamke na ishirini au zaidi kwa mwanamume, kibofu huachwa kiishe kabisa, kisha mpira huoshwa ndani na nje kwa maji ya sabuni, husuuzwa, hukaushwa na kuwekwa katika chombo safi chenye kifuniko. Katika nchi tajiri mpira kwa kawaida hutupwa baada ya kutumika mara moja. Katika Afrika Mashariki huoshwa na kutumiwa tena, na desturi hiyo, ikishikwa kwa uaminifu, ni bora kwa mbali kuliko mpira mmoja uliosahauliwa ndani ya mwili. Kitabu cha David Werner ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kama Mahali Pasipo na Daktari kimesaidia sana kuieneza imani kwamba mambo ya namna hii yanaweza kufanywa na watu wasio waganga.

Makosa yanayoua ni machache na yanajulikana. La kwanza ni kuacha kunywa maji ili kutolowa, jambo linaloeleweka kwa mtu anayeogopa kunuka mbele ya wageni, lakini ambalo hufanya mkojo kuwa mzito, hualika mawe na kulisha vijidudu. Anayepaswa kutoa mkojo mara nne au tano kwa siku anahitaji takribani lita mbili za kinywaji zilizogawanywa mchana, zikipunguzwa jioni. La pili ni kubonyeza tumbo kwa ngumi ili mkojo utoke, hata mlango ukiwa umebana, kwa kuwa nguvu hiyo huenda kwenye figo. La tatu ni kumeza viuavijasumu kila mkojo unapobadilika rangi. Mtu anayetumia mpira huwa na vijidudu katika mkojo karibu wakati wote bila kuugua, na dawa hustahili kutolewa panapokuwa na homa, damu, maumivu au miguu kukakamaa kuliko kawaida. Dawa zinazonunuliwa kiholela katika maduka ya Arua huvifundisha vijidudu ustahimilivu, na siku ya maambukizi ya kweli hazifanyi kazi.

Upande wa Koboko na Yumbe, ambako Waislamu ni wengi, suala hili lina sura nyingine inayostahili kuheshimiwa, nayo ni twahara, yaani usafi unaotakiwa kwa ibada. Mtu anayedondokwa na mkojo huweza kujiona hafai kusimama safuni, akajitenga na msikiti na baadaye na watu wote. Mafakihi, hata hivyo, walilitatua jambo hili karne nyingi kabla ya Guttmann: katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mwenye kutokwa na mkojo bila kukoma hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia na kusali mara moja, na kinachomtoka baada ya hapo bila hiari yake hakibatilishi sala hiyo ya faradhi. Imamu anayeieleza hukumu hii kwa waumini wake anamrudishia mgonjwa kitu ambacho hospitali haina. Na yapo manufaa ya kitabibu yasiyotarajiwa, kwani nyakati tano za sala humpa anayetumia mpira ratiba ambayo hahitaji saa kuikumbuka.

Sheria za Uganda nazo zimesonga mbele tangu miaka ya 1980. Muungano wa kitaifa wa watu wenye ulemavu, NUDIPU, ulianzishwa mwaka 1987, katiba ya mwaka 1995 iliwataja kwa haki zao, ada za matibabu katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, na mwaka 2008 nchi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao. Lakini sheria hupimwa katika stoo ya kituo cha afya, na hapo tofauti ya mipira miwili hurudi: mpira wa puto huagizwa kwa sababu kila wodi huutumia, ilhali ule ulionyooka, ambao ni rahisi zaidi na ndio unaolinda figo, mara nyingi haumo. Anayeumia zaidi kwa upungufu huo ni mwanamke, kwa kuwa mwanamume anaweza angalau kuvaa kondomu iliyounganishwa na kifuko cha kukingia mkojo, lakini yeye, asipofundishwa kutumia mpira kwa msaada wa kioo na baadaye kwa kupapasa, hubaki na vitambaa vinavyolowa na kuozesha ngozi, ambayo haihisi chochote. Na aliyeumia shingoni, ambaye vidole vyake havishiki, huhitaji mikono ya mtu mwingine mara nne au tano kila siku, mikono ambayo katika nyumba nyingi za West Nile ni ya mama, mke au binti aliyeacha shule. Mtu huyo ndiye mwuguzi halisi wa tiba hii, na ndiye anayepaswa kuonyeshwa kazi hiyo wodini, kwa vitendo, kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani.